Kamba ya Ndama wa Naibor

Eliamani: Haloo. Haloo? Nani mwenzangu?

Nashipai: Mimi, Mama Sakaya. Wa Enguserosambu. Simu hii ni ya mwalimu, ya kwangu imeisha chaji.

Eliamani: Aa, Mama Sakaya. Takwenya.

Nashipai: Iko. Za Karatu?

Eliamani: Vumbi na kazi tu. Wiki ya tatu hii sijalala kama mtu, macho yanauma kama yamemwagiwa mchanga. Lakini tumemaliza, tumshukuru Mungu. Kadi zimechapishwa, maboksi sita yako hapa mlangoni, Wilibrodi anapakia. Saa kumi anaondoka kuja kwenu. Keshokutwa maboma yote kumi na manne yana kadi. Unapima kifua cha ng'ombe, unatazama kadi, unajua uvute dawa ya ndigana, ile homa ya kupe, kiasi gani kwenye—

Nashipai: Eliamani.

Eliamani: —sindano. Naam?

Nashipai: Ile kadi moja uliyonipa niijaribu. Nimeitumia jana.

Eliamani: Vizuri. Ikawaje?

[Mtandao unakwaruza.]

Eliamani: Mama Sakaya? Unanisikia?

Nashipai: Nakusikia. Ngoja nisogee hapa penye jiwe… Nilikwenda kwa Nasha, yule mjane wa kule juu ya kisima. Alikuwa na ndama mmoja, mtoto wa Naibor, ng'ombe wake mweupe. Ndama wengine waliondoka na ukame, unajua. Ndama ana homa, tezi zimevimba. Nasha akaniuliza kama hiyo karatasi inawajua ng'ombe. Nikamwambia inawajua, mtaalamu wa Karatu ameijaribu. Akasema yeye angempa robo sindano, ndivyo marehemu mumewe alivyokuwa akiwapa wadogo. Nikamwambia hapana mama, karatasi inasema mililita tano, nusu sindano. Hakubishana na mimi. Akamshika ndama kichwa, nikamchoma.

Eliamani: Halafu?

Nashipai: Jua halijazama alikuwa chini, anatetemeka. Nasha alimpakata kichwa mapajani mpaka akakata roho. Hakunitukana, Eliamani. Afadhali angenitukana.

Eliamani: Pole. Pole sana, mama. Lakini labda ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali.

Nashipai: Nimejiambia hivyo mpaka nimechoka kujiambia. Nilichoma na wakubwa wawili pale pale, dawa ile ile. Leo wamekwenda malishoni.

Eliamani: Mbona niliijaribu? Nilikueleza siku ile ya semina, namba za kadi zinakokotolewa na programu niliyoiandika. Kuijaribu, naandika jaribio moja tu kwa Java, lugha ya kompyuta. Pembeni nina jedwali, mstari mmoja ng'ombe mmoja: kifua chake, na dawa anayostahili. Juu ya jedwali naweka alama, ile ya @Parameters, inaiambia mashine ichukue kila mstari ilishe lile jaribio, mmoja baada ya mwingine. Mistari ishirini, majaribio ishirini. Programu ikikosea mstari hata mmoja, inawaka nyekundu.

Nashipai: Ikawaka?

Eliamani: Haikuwaka. Kijani tupu, ishirini kwa ishirini. Herbert mwenyewe, bosi wangu, alikuja akasimama nyuma ya kiti akaona.

Nashipai: Na hao ng'ombe ishirini uliwatoa wapi?

Eliamani: Si… kwenye daftari lako. Lile ulilolituma na lori la vitunguu.

Nashipai: Ulilisoma.

Eliamani: Nililisoma.

Nashipai: Ukurasa wa kwanza una nini?

Eliamani: Ukurasa wa kwanza… wa kwanza kabisa?

Nashipai: Haya.

Eliamani: Mama Sakaya, sikiliza. Nilikuandikia uniletee namba. Sentimita, mililita. Nikafungua daftari nikakuta michoro. Ng'ombe mweupe, ng'ombe mwekundu, mwenye madoa, na vinundu vinundu pembeni. Namba hamna hata moja. Nikasema nitalirudia nikitulia.

Nashipai: Na barua niliyoibandika juu?

Eliamani: Niliiona.

Nashipai: Barua ilikueleza. Wazee hawakubali ng'ombe wahesabiwe, wala waandikwe namba. Ukimhesabu unamwitia kifo, ndivyo wanavyosema, na mimi nimesoma mpaka chuo cha mifugo lakini siwezi kusimama bomani kwa mtu nikaanza moja, mbili. Siku ya kwanza nilitoa futi ya fundi cherehani, mzee Saruni akaniambia niirudishe mfukoni. Ndiyo nikachukua kamba, nikaipiga mafundo. Kamba nazungusha kifuani, nachora fundo lilipofikia. Dawa nachora sindano: nzima, nusu, robo. Ile iliyomponya. Miezi miwili, Eliamani. Kwa miguu mpaka mpakani kule.

Eliamani: Najua.

Nashipai: Hujui. Sasa kama si daftari, uliwatoa wapi?

Eliamani: Vifua nilivikisia mwenyewe. Wa sitini, wa themanini, wa mia, napanda hivyo hivyo.

Nashipai: Na dawa? Hiyo anayostahili?

Eliamani: Niliiuliza programu.

Nashipai: Sijakuelewa.

Eliamani: Niliiambia, ndama wa sentimita sitini apewe ngapi. Ikasema tano. Nikaandika kwenye jedwali, jibu sahihi ni tano. Mistari yote ishirini nilifanya hivyo. Halafu ndiyo nikaijaribu.

Nashipai: Yaani mwanafunzi kajisahihishia daftari.

Eliamani: Ndiyo.

Nashipai: Na ukampa mia kwa mia.

Eliamani: Ndiyo, mama. Nilikuwa nimechoka. Herbert kila asubuhi anataka kuona kijani. Programu niliiwekea isishuke chini ya tano, nilijua moyoni kwamba hapo kwa wadogo pana walakini. Nikasema nani atapima ndama.

[Upepo. Mtandao unakoroma.]

Nashipai: —po? Upo?

Eliamani: Nipo. Nikupigie mimi?

Nashipai: Si vocha. Betri ya mwalimu imebaki kijiti kimoja. Daftari liko wapi?

Eliamani: Hili hapa, mezani. Nimelivuta.

Nashipai: Fungua ukurasa wa kwanza uniambie.

Eliamani: Ndama mdogo mweupe. Pembeni… mafundo matatu, la tatu hujalijaza. Sindano robo.

Nashipai: Ndiye huyo. Mtoto wa Naibor. Alipougua mara ya kwanza, mwezi uliopita, Nasha alimpa robo, akasimama. Ndiyo maana nilimweka mbele, kwenye ukurasa niliokuwa nimeuacha wazi.



Eliamani: Alikuwa hapa mezani muda wote.

Nashipai: Muda wote. Sasa mweke kwenye hilo jedwali lako.

Eliamani: Sijui fundo lako ni sentimita ngapi.

Nashipai: Si nilikutumia na kamba? Ilikuwa ndani ya bahasha. Ipime.

Eliamani: Bahasha ninayo…

Nashipai: Kamba iko wapi, Eliamani?

Eliamani: Imefunga boksi la kadi. La juu. Gundi ya karatasi ilikuwa imeisha.

Nashipai: Ifungue.

Eliamani: Ngoja. [kwa mbali] Wilibrodi, hilo usilipandishe. Lishushe. Ndiyo, nalo. Kwanza yashushe yote… Herbert nitamwambia mimi, wewe shusha. [karibu] Haya, ninayo. Imekaza. Nimefungua. Fundo mpaka fundo… rula inasema ishirini na moja. Hapa pia ishirini na moja. Umepiga sawasawa kabisa.

Nashipai: Nilipimia shubiri ya mkono wangu.

Eliamani: Kwa hiyo yeye ni sitini hivi. Robo ya sindano ni mbili na nusu. Nafuta ile mistari yangu yote. Naandika mstari mmoja tu, sitini, mbili na nusu. Mashine itamwita namba sifuri.

Nashipai: Itamwitaje?

Eliamani: Ndivyo inavyofanya, haina majina. Mstari wa kwanza ni sifuri, wa pili moja. Ukikosea inakuambia sifuri imeanguka.

Nashipai: Usimwite hivyo. Nakuomba.

Eliamani: Basi ngoja. Naweza kumwongezea safu mbele, nikaandika jina, lisomeke kwenye ujumbe… Ndama wa Naibor. Hivyo?

Nashipai: Hivyo.

Eliamani: Naiendesha.

[Mbwa anabweka upande wa Nashipai.]

Nashipai: Imesemaje?

Eliamani: Nyekundu.

Nashipai: Nisomee.

Eliamani: “Ndama wa Naibor. Ilitarajiwa mbili na nusu. Imepatikana tano.”

Nashipai: Muda gani imechukua?

Eliamani: Hata sekunde haikufika.

Nashipai: [polepole] Hata sekunde.

Eliamani: Mama Sakaya, nisamehe.

Nashipai: Mimi ndiye niliyechoma. Sina msamaha wa kumpa mtu leo. Kadi zitakuja?

Eliamani: Haitoki hata moja. Nakwenda kwa Herbert sasa hivi, namwambia zote ni takataka, kuanzia sindano ya kwanza. Najua atakachosema. Kibarua kikiota nyasi, kiote. Daftari naliingiza lote, ukurasa kwa ukurasa, kwa majina yao.

Nashipai: Na gari?

Eliamani: Gari libaki.

Nashipai: Lisibaki. Lije hivyo hivyo tupu, uje wewe. Kesho tuko kwa Nasha asubuhi kabla hajafungulia ng'ombe. Nilimwambia mtaalamu ameijaribu. Nataka amsikie mtaalamu mwenyewe, kwa mdomo wake. Mimi nitakaa pembeni yako tu, sitakusaidia maneno.

Eliamani: Nimwambie nini, mama? Nitaanzia wapi?

Nashipai: Anzia kwenye daftari. Mwambie liko mezani kwako toka lini.

Eliamani: …Nitakuja. Geti la hifadhi halitafungwa sijapita.

Nashipai: Simu inalia, inakata. Haya, fanya haraka. Na ile kamba uje nayo, usiiache huko.

Eliamani: Nimeiweka mfukoni. Nitakurudishia mkononi.

Nashipai: Si yangu. Niliiazima kwa Nasha, ndiyo aliyokuwa anamfungia—

Eliamani: Haloo?

Eliamani: Mama Sakaya?