Fomu ya Jumba la Karama

Benchi ya saruji chini ya Jumba la Karama, pale Mbaraki, haikosi mtu tangu jua lichomoze. Gunga, muuza kahawa, huweka dele lake la shaba kwenye makaa pembeni, na waketio ni wale wale: Faiz, aitwaye Wakili kwa kuwa aliwahi kumbebea wakili mafaili, Dzoro, mwashi mstaafu, aitwaye Injinia, na Sheikhan, aitwaye Redio kwa kuwa hajapata kuzimwa. Asubuhi hiyo Shifa alishuka kutoka ghorofa ya juu kabisa, fomu ya pingamizi mkononi, hasira zimempanda kuliko yeye alivyoshuka. Aliyelinunua jumba alitaka kulibomoa, na ilani aliyoibandika mlangoni ilisema: "Jengo hili halina historia yoyote." Mwisho wa kupinga ulikuwa siku hiyo, saa sita adhuhuri.

— Halina historia! Jumba la kwanza la ghorofa mtaa huu mzima! alifoka Shifa. Haya, nambieni, nani alilijenga, na mwaka gani? Kisha nataka sahihi tatu, za mashahidi wanaolijua jengo.

— Mwanangu, umefika kwa wenyewe, alisema Wakili. Andika: tajiri Mwarabu wa Kishihiri. Ghorofa nne, wake wanne. Kila mke na ngazi yake.

— Ngazi ni moja, ami.

— Basi ndipo ugomvi ulipoanzia.

Shifa aliandika, akakata.

— Muongo huyo, alidakia Injinia. Mimi ni mtu wa kazi, nisikize. Chokaa ya jumba hili ilichanganywa na mayai elfu saba. Mji huu haukuonja mkate wa mayai Ramadhani nzima.

— Ramadhani ya mwaka gani?

— Ya mwaka wa mayai.

Redio aliweka kikombe chini, akajikohoza kama anayetaka kusoma habari.

— Nyote watoto. Jumba hili ni la Mreno. Lilikuwa Lamu, likaletwa huku jiwe moja moja. Haba na haba hujaza kibaba!

— Ami, Mreno alikuwa na stima? Pale ukutani pana mahali pa mita nane za umeme, pamechongwa tangu mwanzo.

— Aliona mbali, yule!

Benchi nzima ikaangua kicheko. Shifa peke yake hakucheka.

— Saa nne na nusu hii! Chuoni nikisimama na hoja kama hizi nitazomewa mpaka lango kuu. Twavunjiwa nyumba, nanyi mwanipa hadithi za kushushia kahawa!

— Haraka haraka haina baraka, alisema Redio. Gunga, tia.

Hapo akatokea Winnie, mpangaji aliyehamia juzi tu, kapu la sokoni mkononi. Alikuwa amesimama kando akiwasikiliza.

— Hamjambo wazee. Samahani, nauliza tu. Nani kati yenu amewahi kuingia ndani?

Gunga aliliacha dele limeinama hewani. Injinia akatazama viatu vyake.

— Bibiye, alisema Wakili polepole, mwanamume asiye wa nyumba huishia hapa nje. Ngazi ni ya wake na watoto wa watu. Ni heshima.

— Aliye juu mngoje chini! Redio akatilia nguvu.

— Na mmemngoja miaka mingapi?

Shifa alitaka kuwacheka, kisha akajitazama mwenyewe. Wao walikuwa na heshima yao ya kusingizia, yeye je? Yeye, bingwa wa midahalo, anayepiga meza kila wiki kwamba wanawake hawasikizwi, alikuwa amepita milango sita akishuka kuja kuwauliza wanaume historia ya nyumba ambayo hawajapata kuikanyaga.

Aliikunja fomu, akapanda ngazi mbili mbili. Ghorofa ya pili alipiga hodi kwa Bi Mbodze, mpangaji mkongwe kuliko wote, ambaye Shifa humwamkia "shikamoo" kila siku akipita, lakini kusimama hata siku moja, wapi.

Mlango ulifunguka kabla ya hodi ya pili.

— Sasa ndiyo waja? alisema Bi Mbodze. Nilikuwa nawasikia dirishani na mayai yao. Mamangu ndiye aliyebeba chokaa ya ngazi hiyo uliyoipanda, mimi nikiwa mgongoni. Kalamu yaandika?