Nafasi ya Mama Mkwe

Wiki ile kijiwe chetu kilikuwa na kiti cha sponji, kirefu, cha watu watatu. Kilitoka ndani ya pikapu iliyoegeshwa hatua nne kutoka lilipo birika la kahawa. Fundi Cheche alikifungua Jumatatu ili apate kukata sakafu ya kebini, kwa sababu giaboksi ya zamani ilikufa na iliyopatikana ilikuwa ya gari kubwa zaidi, haikuenea chini. Ijumaa alimaliza: tundu limekatwa, bati la pipa limechomelewa kulifunika, mkono wa gia umechomoza juu. Mwenye gari, Muuza Magodoro, alichungulia ndani, kisha akarudi kukaa kati yetu.

— Fundi, mbona sakafu imeota nundu?

— Gari limeongezewa nguvu, bosi. Ulitaka ibaki bapa? Cheche alijibu.

— Nilitaka libaki gari. Kesho saa mbili nampeleka mama mkwe harusini. Nimemwahidi atakaa mbele, kati yangu na mke wangu. Safari iliyopita nilimpakia nyuma na magodoro. Miezi mitatu hajanisemesha.

Mzee Breki, aliyeendesha malori mpaka magoti yakamgomea, alipuliza kahawa yake.

— Nundu hiyo ni neema. Upepo unaingia chini, unasukuma gari. Mlimani hukanyagi hata mafuta.

— Upepo gani, mzee wangu? Kinyozi alidakia. Hiyo ni ya joto. Giaboksi ikichemka, mama mkwe anapata joto miguuni. Atakuombea dua njia nzima!

— Na mkikuta daraja limevunjika, mnaelea tu, Mzee Breki aliongeza. Bati lile ni la pipa. Nani amewahi kuona pipa likizama?

— Pipa lenye tundu? Muuza Magodoro aliuliza.

— Tundu si limezibwa na gia? Acha ubishi, kijana.

Cheche aliingia kebini, akakalia ndoo, akajaribu gia zote, ya kwanza mpaka rivasi. Ziliingia bila kukwaruza. Tulishangilia pale pale tulipokaa.

Ndipo mama mkwe akatokea, mkoba mkononi. Muuza Magodoro aliruka akasimama.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mkwe wangu. Nimekuja kuiona nafasi yangu.

Alichungulia kebini. Akaitazama ndoo, akautazama mkono wa gia, akatugeukia sisi.

— Hicho mlichokalia si kiti cha humu?

— Ndicho, mama, Cheche alisema.

— Kikirudi, huo mkono wa gia utapita wapi?

Cheche alimtazama Mzee Breki. Mzee Breki alitazama kikombe chake. Kinyozi akakumbuka kwamba ana mteja.

Mama mkwe akaja, akaketi katikati ya kiti, akaweka mkoba mapajani.

— Basi mimi nimeshakaa. Kesho saa mbili hilo gari linifuate hapa.