Bi Maulida na Kilango cha Shaabiya

(Wasifu uliosomwa na mpwawe, Saliha, upande wa wanawake, siku ya tatu ya azaa, yaani matanga, Ibra, Oman)

Bi Maulida binti Musallam alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 3 Machi 1948, akasoma skuli hadi darasa la nane. Mdomo wake haukupumzika. Mwalimu akimtoa darasani kwa kuzungumza, husimama nje dirishani akaendelea pale alipokatizwa.

Alifika Oman mwaka 1973, akaolewa na marehemu Bwana Othman, fundi wa mabomba ya maji. Mwaka 1981 walipewa nyumba Shaabiya, mtaa wa nyumba za serikali nje ya Ibra: safu kwa safu, zote sura moja, kila moja na ukuta wake mrefu. Maji ndani, umeme ndani, alhamdulillahi. Jirani tu ndiye asiyekuwemo. Mwanamke akitaka chumvi, avae buibui azunguke safu nzima juani.

Hazikupita wiki mbili, Bi Maulida akashika mchi wa kinu akautoboa ukuta wa uani. Bwana Othman akapiga ukelele: "We mwanamke! Ukuta wa serikali huo!"

"Serikali imesahau mlango," akamjibu. "Naisaidia."

Upande wa pili jirani wa ukuta mmoja, Bi Shaikha, naye alikuwa anatwanga ukuta kwa mchi wake. Wallahi, safu nzima ikafuata, kila ukuta ukapata kilango. Futari ilipita kwenye vilango hivyo, dawa zilipita, na mtoto alikula popote njaa ilipomkuta. Bi Maulida mwenyewe alikuwa mpishi wa skuli ya wasichana hadi 2003, na akirudi kazini alikuta wanawe wameshalishwa.

Watoto hao wakasoma, wakapata kazi Maskati, wakarudi na matofali. Huyu anaogopa wapangaji, yule anaona haya ukuta wenye tundu. Vilango vikazibwa, kikabaki cha Bi Maulida. Mwaka 2022 Luay, mwanawe pekee aliye hai, alikiziba hicho pia, akaweka geti linalofunguliwa kwa simu yake.

"Mwanangu, niachie hicho tu," mama alimwomba. "Shaikha ndiye mtu wangu."

"Mama, siku hizi kila mtu na kwake."

Alikuwa na kisukari na presha. Asubuhi ya tarehe 11 Novemba 2024 alianguka jikoni, akaugonga ukuta kuita msaada. Bi Shaikha alimsikia akiita: "Shaikha, njoo!" Akazunguka safu nzima na magoti yake mabovu, akakuta geti limefungwa. Luay alipigiwa simu afungue geti. Yuko mkutanoni, hakupokea. Vijana wa mtaa waliporuka ukuta, Bi Maulida alikuwa ameshakata roho.

Familia ilitaka iandikwe kwamba alifariki mikononi mwa wampendao. Haikuandikwa, kwa sababu ni uongo. Alifariki peke yake sakafuni.

Ameacha mtoto mmoja, mkwe, wajukuu watatu, na Bi Shaikha, aliyekaa kule nyuma karibu na viatu kwa kuwa hakuna aliyemwita mbele. Mola amrehemu Bi Maulida, ampe mapumziko mema. Mikono ya rambirambi, tafadhalini, ianzie kule nyuma.