Meno Niliyojichorea

Mama zangu mliokusanyika hapa kanisani, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Nitasoma kutoka kwenye daftari langu, maana nikisimama bila karatasi maneno yananikimbia.

Kama wengi wenu, niling'olewa meno mawili ya mbele ya chini nikiwa mdogo, kwa desturi yetu Wanyaturu. Nyumbani sikuwahi kuliona hilo pengo. Niliposhinda mtihani na kuingia shule ya bweni, wasichana wa mjini ndio walionionyesha. "We Dirisha, funga, upepo unaingia!" Nikawa sisemi neno bila kufunika mdomo. Hata nikiitwa kusoma darasani, mkono mdomoni.

Rafiki nilikuwa naye mmoja tu. Simtaji jina. Alitoka upande wa Itigi, kitanda chake jirani na changu, pengo lake kama langu. Ila yeye alicheka wazi. Akiitwa Dirisha anajibu, "Uacheni uingie, dada zangu, upepo haulipi kodi kwa Bwana Shauri wa bomani." Asali ya baba yake tuliilamba wote kwenye kibuyu kimoja.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli ingawa naona haya. Mimi najua kuchora. Muhula wa pili wale wa mjini wakaniambia, "Tuchoree kitabu cha kuchekesha, uwe mwenzetu." Nikakunja karatasi, nikazishona kwa uzi. Nikamchora rafiki yangu, pengo lake kubwa kama mlango wa zizi, ng'ombe wanaingia mmoja mmoja. Ukurasa wa mwisho tunamcheka, nami nimo katikati. Nilijichora na meno yote.

Kitabu kilizunguka bweni zima. Wiki ile hakuna aliyeniita Dirisha. Nilifurahi. Nisameheni, nilifurahi kweli.

Jumamosi tukiwa tunafua, kikamfikia. Alikifungua mikono ina povu. Ng'ombe hawakumliza, hata alitabasamu kidogo. Akafika mwisho.

"Huyu wa katikati ni nani?"

"Mimi."

"Hongera, mwenzangu. Yameota lini?"

Akanirudishia kitabu, akaendelea kusuuza nguo. Toka siku ile alikula mbali nami. Nilisema moyoni, nitamwomba radhi tukitoka likizo. Nikarudi na maneno nimeyaandika vizuri, nikakuta kitanda chake kitupu. Wengine walisema ameozwa. Sijui.

Kile kitabu nilikichoma, ila hakikunitoka moyoni. Mama mmoja aliyeketi hapa, anayefundisha watoto Jumapili, alinikuta nalia nyuma ya jiko la hapa kanisani. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. "Mkono ni ule ule," alisema, "kachore kingine."

Nikachora wasichana wawili wanalamba asali, wote wana mapengo, mmoja anamkana mwenzake, kisha anamfuata hadi kwao. Nikawasomea watoto. Mmoja, ambaye meno yake ya utoto yameng'oka juzi juzi, akapiga kelele, "Dada, na mimi ninalo!" Wakaanza kufunua midomo na kuonyeshana.

Nakala moja nilimpa dereva wa lori aendaye Itigi, amfikishie rafiki yangu. Ukurasa wa mwisho niliuacha mtupu, auchore yeye. Jibu bado sijapata.

Asante, mama yangu. Asanteni, watoto. Nanyi mnaochekwa, msijiokoe kwa kumtoa mwenzenu kafara kama nilivyofanya mimi. Na mwenye radhi ya kuomba aiombe leo, asingoje likizo.

Nimesoma yote haya mikono miwili ikiwa kwenye daftari, si mdomoni. Mmeniona. Yeye ndiye aliyestahili kuniona wa kwanza.