Sabina Amuge, Mjane Aliyeingia Kaburini kwa Ajili ya Maji

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, Busia mjini, Malaba, Alupe, Funyula, hadi kule Rukala. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Sabina Amuge, aliyezikwa Jumamosi iliyopita nje kidogo ya Malaba. Mama Amuge, mwenyekiti wa kamati ya chemchemi. Wako waliomwita mlinzi wa maji, na wako waliomwita mwanamke kichwa ngumu. Wote walichota kwake.

Zamani chemchemi ile ilikuwa dimbwi tu. Ng'ombe anaingia huku, mama anachota kule. Maji hayo yalimchukua Akiteng, kifungua mimba wa Amuge, kwa kuhara. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Amuge alilia, akanyamaza, akaanza kubeba mawe kichwani. Akawasumbua majirani mpaka wakachoka kumkwepa, na mwishowe chemchemi ikajengewa ukuta wa saruji na kutiwa bomba. Watoto wakapata maji safi. Akaweka sharti moja: upande wa juu wa chemchemi hakuna choo, hakuna zizi, hakuna kaburi.

Basi, wasikilizaji wapendwa, aliyetangulia kufa baada ya sharti hilo akawa mume wake mwenyewe.

Mzee Ejoku alikuwa amewaambia ndugu zake wamzike kilimani, mahali anapoiona Malaba yote. Kilima hicho kiko juu ya chemchemi. Na neno la marehemu, mnajua wenyewe, halivunjwi. Amuge alikuwa amekaa kando ya jeneza, leso kichwani, aliposikia majembe. Hayakuwa yakilia kule chini alikoonyesha yeye. Yalikuwa yakilia juu.

Akainuka. Wanawake wakamshika, akajinasua. Alipofika kilimani akakuta shimo limeshafika kifuani, na msimamizi ni shemeji yake Emukule, mdogo wa marehemu.

"Emukule, hapa hapana," akasema.

"Shemeji, rudi kwa maiti. Hii ni maneno ya ndugu yangu."

"Na hii ni maji ya watoto."

"Shimo imeshachimbwa. Unajua kaburi haiwezi fungwa bure. Lazima iingie mtu."

Hapo Emukule hakusema uongo. Kwao, kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Likifukiwa tupu, watu husema, litamwita mwingine wa boma lile lile. Wachimbaji wakatazamana. Mawingu yalikuwa yanajikusanya, na katekista kila saa anaangalia barabara. Ndipo Amuge akafanya jambo ambalo hadi leo wengine hulisema kwa kunong'ona. Akaivua ile leso kichwani, akaikaza kiunoni, akaruka ndani ya kaburi la mumewe.

Mayowe! Mjane ndani ya kaburi! Wengine walitimua mbio. Amuge akasimama mle ndani, akahisi baridi nyayoni. Shimo lilikuwa linavuja maji. Akainama, akachota tope kwa kiganja, akaliinua walione. Aliogopa, wasikilizaji. Binti yake Akwii, aliyekuwa ukingoni, anasema hakuwahi kumwona mama yake akiogopa namna ile, si kabla, si baadaye.

"Hii ndiyo inateremka kwa bomba," Amuge akasema. "Mimi nilipenda huyu bwana yangu. Lakini siwezi kumnywa. Kama shimo inataka mtu, mtu ni mimi. Fukieni."

Hakuna aliyesogea. Emukule akatupa jembe, akaondoka. Aliporudi alikuwa na panga mkononi. Akwii akajisimamisha mbele ya shimo, mikono ameitanua.

"Baba mdogo, tafadhali! Ni mama!"

Emukule akapita kando yake bila kumtazama, akazama kwenye shamba la migomba. Wakasikia panga likigonga. Akatoka anaburuta mgomba mzima, akauangusha ukingoni.

"Toka," akamwambia Amuge. "Hii ndiyo itazikwa."

Mgomba ukazikwa kilimani badala ya mtu, na katekista, maskini, hakujua aombe sala gani. Mzee Ejoku akazikwa chini, ambako maji yameshapita. Chemchemi ikabaki salama. Lakini tangu siku ile Emukule hakumsalimu shemeji yake tena. Miaka nenda, miaka rudi. Mtungi wake ulikuwa bombani kila asubuhi, na yeye akikutana na Amuge njiani, anatazama Uganda, ng'ambo ya mpaka.

Jumamosi, Amuge alipolazwa kando ya mumewe, Emukule alikuja, mzee sasa, na fimbo yake. Akwii alituambia hivi: "Alisimama kwa kaburi mpaka watu wakaanza kuenda. Halafu akasema, kwa Kiteso, 'Yoga, shemeji.' Nakusalimu. Akangoja, kama mtu anangoja ajibiwe. Mimi nikashindwa kuangalia."

Kwako Akwii, kwako Mzee Emukule, na kwa boma lote la Ejoku, poleni sana. Sisi hapa studioni tumeguswa, na Mungu awatie nguvu.

Na wewe unayenisikiliza, jiulize. Yuko mtu unayeishi kwa wema wake huku salamu umemnyima? Usingoje Jumamosi. Nenda leo, ukabishe hodi wakati yupo wa kuitikia.