Hamdija na Shimo la Sinema

Bibi Mevlida Salkić alikufa Jumatatu. Mwanawe Nedim hajapatikana. Kaburi la bibi amelichimba Hamdija, kwa koleo, siyo kwa mashine.

Hamdija Mešić anastaafu leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya kuendesha katapila kwenye kampuni yetu. Ofisi imenipa mimi niandike haya ya kumuaga kwa sababu nimekaa naye mashimoni kuliko wote.

Barabara nyingi za huku kachimba yeye. Lakini anajulikana kwa makaburi. Wakati wa vita watu wetu waliuawa, wakafukiwa. Halafu waliowaua wakarudi na makatapila kama hili letu, wakawafukua na kuwahamisha ili mahakama isiwaone. Ndiyo maana mtu mmoja anaokotwa sehemu tatu. Tume ya kutafuta waliopotea ikitaka mashine, inamwita Hamdija. Anakwangua udongo kidogo kidogo. Ukibadilika rangi anazima, anashuka, anatuachia sisi wa koleo. Mtu wa utani sana, ila hapo hataki hata mluzi.

Mke wangu alipofariki, Hamdija alikuja kwangu na kahawa yake mwenyewe. Alisema yangu haijawahi kunyweka. Akakaa mpaka giza.

Mwaka juzi walikuja watu wa sinema. Ilikuwa sinema ya mauaji ya kimbari na kesi ya mahakama ya kule Hague. Walitaka shimo, kampuni ikatukodisha na katapila letu. Tukachimba. Wakaweka mahema, mifupa ya plastiki, watu wa ovaroli nyeupe. Ilifanana kabisa.

Ilifanana mno. Bibi Mevlida alikuwa akikaa ng'ambo ya kijito. Akaona mahema, akaona katapila la Hamdija, akajua wamempata Nedim. Alikuja mbio na mfuko wa plastiki. Ndani mna sweta, pacha wa lile alilovaa mwanawe siku alipochukuliwa, yote ya sufu moja. Akasimama kwenye ukingo, akauliza wake ni yupi.

Mwongozaji wa sinema akampa ishara mtu wa kamera aendelee.

Hamdija alizungusha mkono wa katapila, akaliteremsha sanduku lake la kuchotea udongo mbele ya kamera, likaiziba. Akazima. Akashuka.

"Mama, hii ni sinema," akamwambia. "Hao ni plastiki. Angekuwa Nedim ningekuja mwenyewe kukugongea mlango."

Bibi akamtazama. "Na wewe Hamdija, na limwili lako lote hilo, unacheza?"

"Nimekosea, mama."

Akamkalisha kwenye mnyororo wa katapila, akamvua viatu, vilikuwa vimejaa maji ya kijito.

Mwongozaji alikasirika. Si mtu mbaya. Alisema kwa mkalimani kwamba dunia lazima ione, na ule uchungu hakuna mwigizaji wa kuuweza. Akaleta karatasi ya ruhusa bibi atie sahihi. Hamdija akaishika yeye.

"Mahakama ilipotaka mama huyu aseme, ilimuuliza kwanza kama anataka. Wewe ulimuuliza?"

Mkalimani alitafsiri. Mwongozaji akakifuta kile kipande cha picha mbele yetu. Kesho yake wakakodi katapila la watu wengine. Bosi akamgombeza Hamdija. Hamdija akasema sawa.

Sinema ikaonyeshwa mjini Tuzla. Bibi alitaka kuiona, tukampeleka. Mle ndani mwigizaji mmoja anakuja shimoni na sweta mkononi. Mfupa unatambuliwa, jaji anasoma hukumu, watu wanakumbatiana. Hamdija aliinama. Bibi aliangalia mpaka majina ya waigizaji yakaisha.

Nje akasema, "Yule wa sinema kampata mwanawe." Kisha akauliza basi la kurudi ni saa ngapi.

Hukumu ya kweli ilisomwa pia, miaka mingi sasa, na neno lenyewe likatamkwa: mauaji ya kimbari. Bibi alikuwepo. Nedim hakuwepo kwenye mifupa yoyote.

Jana tume ilipiga simu. Kuna mahali pengine, juu msituni. Damu ya bibi ilichukuliwa zamani na bado ipo, hivyo mfupa ukitokea utalinganishwa nayo na kujulikana hata kama mama hayupo. Bosi alisema atapeleka dereva mpya. Hamdija akasema dereva mpya aende kwenye lami, msituni atakwenda yeye.

Hamdija, tunakushukuru. Tunakutakia afya, wewe na mama watoto. Mapumziko hatukutakii bado, umeyakataa mwenyewe.

Kesho anarudi kazini.