Furukombe Si Tumbusi: Maneno ya Kumuaga Mzee Theophil

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Umoja wetu wa Wafanyabiashara, Bwana Pius; Baba Mchungaji; waheshimiwa wajumbe wa Kamati; ndugu wageni waalikwa mlioacha mizigo yenu Zhanqian Road ili mfike hapa mchana huu; na wewe, Mzee Theophil, tunayekuaga: nawasalimu katika jina la Bwana.

Kamati imenipa mimi, Martina, katibu wenu, dakika kumi za kumsifu mtu anayerudi nyumbani Jumatano. Sifa nimezileta. Zimekuja pamoja na hasira, na sikuona njia ya uaminifu ya kuiacha hasira hiyo mlangoni.

Mnajua kwamba Mzee Theophil, kabla ya kuja huku kwa Wachina kununua mashati, aliongoza watalii kwa miaka kumi na minne, kwanza Ruaha, kisha Zambia na Botswana. Kwa hiyo tulipoamua kuwachapia wateja wetu kalenda ya mwaka 2008, kwa picha za ndege ambazo dada yetu Henriette wa Lubumbashi alizipiga katika safari zake za kusini, ni nani mwingine angetutajia majina yao? Jumapili tatu, baada ya ibada, aliketi kwenye mgahawa wa hapa Huanshi Zhonglu akiziinamia picha hizo kwa kioo kile kile cha kukuzia anachokagulia nyuzi za vitambaa. Hakutuomba hata chai.

Picha mbili zilimsumbua. Zote zilikuwa na ndege mkubwa, mwenye kichwa cheupe na mabawa meusi. Wa kwanza alikuwa furukombe, yule mla samaki mwenye mlio mkali, aliye kwenye bendera ya Zambia, na tumbo lake ni la kahawia iliyokolea. Wa pili alikuwa na tumbo jeupe, na kulizunguka jicho lake kulikuwa na ngozi tupu, nyekundu. Mzee hakukimbilia jibu. Alimuuliza Henriette, aliyekuwepo.

"Dada, huyu alilia?"

"Non, papa Theo, haikulia hata! Ilikuwa ku muti, inakula tu matunda. Mi nikasema, huyu naye yuko Kwaresima?"

Tulicheka wote, isipokuwa yeye. Aliweka kioo chini akafuta macho. Ndege yule alikuwa tumbusi wa michikichi, mla matunda, ambaye Mzee, katika miaka yake yote ya Okavango kule Botswana, alimwona mara moja tu.

Je, sisi Kamati tulimfanyia nini ndege huyo? Mwenyekiti, maneno yako ninayo kwenye kumbukumbu za kikao. Ulisema: "Wateja wangu wako Mbeya na Lusaka. Nani atatundika tumbusi sebuleni kwake? Kichwa cheupe, mabawa meusi. Yiyang, yiyang!" Ndilo neno la Kichina tunalotupiwa kila siku madukani: ni sawasawa tu, hakuna tofauti, lipa uende. Mzee Theophil akajibu kwa ile sauti yake ndogo: "Mwenyekiti, kama hamumtaki, mwondoeni. Msimwite asivyo." Mmoja wetu akamwita Bwana Kuku, na kikao kikaangua kicheko. Nami nilicheka, ndugu zangu. Kisha nikaketi kwenye kompyuta, nikafuta "tumbusi", nikaandika "furukombe", na chini ya ukurasa nikauacha mstari usemao: Majina yamehakikiwa na Theophil.

Kalenda hiyo ilimtangulia nyumbani. Ilikifikia chuo kilichomwahidi kazi ya kuwafundisha waongoza watalii, kazi ambayo kwa ajili yake amefunga biashara na kukata tiketi. Mkuu wa chuo ameandika: "Mtu asiyetofautisha furukombe na tumbusi hatuwezi kumkabidhi darasa." Amempa hadi mwisho wa mwezi huu kuleta maelezo ya waliochapa kalenda. Waliochapa ni sisi! Mara mbili nimeipeleka barua ya maelezo kwenye Kamati, na mara mbili imerudi bila sahihi. Kwanza niliambiwa ni jambo dogo. Baadaye nikaambiwa itauaibisha Umoja. Dogo kwa nani? Na aibu hiyo, mnataka aibebe nani hadi uzeeni?

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakukumbusha mwezi Machi, dukani Guangyuan Xilu. Uliagiza mashati kama tunavyoagiza sote: kitambaa cha sampuli kikakatwa vipande viwili, kimoja kwa laoban mwenye kiwanda, kimoja kwenye pochi yako. Mzigo ulipokuja, kitambaa kilikuwa kingine, na laoban akatabasamu akasema "yiyang". Ukatoa kipande chako. Ukaketi juu ya robota katikati ya duka, wachukuzi wakikuzunguka kwa mizigo yao, ukaapa hutanyanyuka hadi laoban aandike kwa mkono wake kwamba kosa ni la kiwanda. Uliketi kwa muda wa saa tano nzima. Akaandika. Tulikupigia makofi katika ukumbi huu huu, na mimi nilipiga hadi viganja vikaniuma.

Basi sampuli yangu ni hii: karatasi ya Mzee Theophil, yenye mwandiko wake, imeandikwa "tumbusi wa michikichi". Mzigo tulioutoa ni huu, kalenda. Ndugu wageni, ziangalieni, kisha mniambie kama ni sawasawa.

Mzee Theophil, ulitutazamia kila picha kana kwamba ndege yule angekuja kukudai jina lake. Nisamehe kwa mkono wangu uliolifuta. Saa ya ukutani tuliyokununulia ni nzuri, lakini sitakukabidhi leo kabla ya barua.

Barua ni hii, Mwenyekiti. Jina langu nimeshalitia chini yake, nafasi ya juu ni yako, na kalamu naiweka karibu na sahani yako. Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Kitini kwangu sirudi. Naketi hapa, mbele ya meza kuu, na nina saa tano.